Jina la Mtu wa Mbele

Minneapolis, 9 Septemba 2024

Kwa Babu mpendwa, Mzee Twagirayezu, Nakivale, Uganda

Yesu asifiwe, Babu. Sisi huku Minnesota ni wazima. Mama anakusalimia sana, na anasema uache kumdanganya kuhusu sukari ya chai, maana binamu Rachelle alishamwambia kila kitu.

Naandika kwa mkono kama ulivyoagiza. Nitaipiga barua picha na kuituma kwenye simu ya Rachelle, naye atakuletea. Naandika Kiswahili kwa sababu Kinyarwanda changu kimebaki cha kuombea chakula tu. Mama ataipitia kabla sijaituma, kwa hiyo ukikuta neno zuri ujue ni lake.

Babu, wamenipandisha. Ijumaa baada ya mazoezi mkurugenzi wa kampuni yetu alitusimamisha sote, kule Plymouth kwenye lile jengo lililokuwa kiwanda, akasema kuanzia msimu huu mimi ni mchezaji mkuu. Baleti ina ngazi zake. Chini kuna wale wa kundi, wanaocheza pamoja kama kwaya. Juu yao kuna wachezaji wa pekee, ambao kila mmoja anapewa nafasi yake fupi ya kuonekana, na huko ndiko nilikokuwa. Juu kabisa ni wachezaji wakuu, na hadithi yote inawahusu wao. Hakuna ngazi nyingine baada ya hapo. Katika kampuni yetu ni wachache, na hakuna mwingine aliyewahi kulala chini ya turubai la wakimbizi.

Watu wakapiga makofi, mimi nikabaki nimeshika chupa ya maji kama mjinga. Nilipoingia kwenye gari nikampigia Mama. Alikuwa kazini Shakopee, kwenye ghala ambako simu hairuhusiwi, lakini alipoona jina langu alidhani nimepata ajali, akapokea. Nikamwambia. Alipiga vigelegele katikati ya maboksi mpaka supavaiza wake akaja mbio akidhani mtu ameangukiwa na mzigo. Jumapili mchungaji alinisimamisha mbele, nikaombewa, na akina mama wakapika kana kwamba naoa.

Sasa nakuja kwenye jambo langu. Siku tunaondoka Nakivale nilikuwa na miaka kumi. Ulinishika kichwa ukaniambia kwamba mtu wa nyumba yetu akifika kusimama mbele ya mstari wa wachezaji, mzee aliyesimama hapo kabla yake humpa jina la sifa, na kabla ya hapo anacheza kama mtoto wa fulani tu. Nimecheza hivyo miaka yote hii, kama mwana wa marehemu Pacifique na mjukuu wa Twagirayezu, na sikuona aibu. Lakini sasa nimefika mbele, Babu. Naomba jina langu.

Mjukuu wako,
Bonheur Habiyaremye


Nakivale, 22 Septemba 2024

Kwa mjukuu wangu Bonheur, mtu wa mbele

Yesu asifiwe milele. Barua imefika. Mara ya kwanza niliisoma kimya, mara ya pili kwa sauti, kisha nikaenda nayo kwa jirani yangu Zachariah, ambaye ana mtoto daktari Kampala na hajawahi kuniacha nisahau. Nilimsomea taratibu. Nilipofika pale pa "hakuna ngazi nyingine baada ya hapo" nikarudia, kwa kuwa anasikia vibaya. Hasikii vibaya, lakini nilirudia.

Haya mengine unayajua, ila nakukumbusha, maana huko kwenu watu wanasahau haraka. Kule Masisi, kabla hatujakimbia, mimi ndiye niliyesimama mbele ya wachezaji wa kilima chetu katika harusi zote kubwa. Njuga miguuni, nyuzi ndefu za katani kichwani, mkuki mkononi. Nilipokuwa naruka, wanawake waliwashika watoto wao wasije wakaniiga wakavunjika. Ndiyo maana mzee aliyenitangulia aliniita Rusimbuka, Mrukaji, na mpaka leo nikilitamka jina hilo mgongo unanyooka wenyewe. Baba yako Pacifique, Mungu amlaze pema, alikuwa mtu mwema kuliko mimi, lakini kuruka hakujaliwa. Akiruka ungedhani anavuka dimbwi. Nikasema basi, jina litaishia kwangu. Kisha ukaja wewe. Yule mwalimu aliyekuja shuleni kwenu Brooklyn Park kutafuta wavulana wa baleti, watu wanasema alikufundisha kuruka. Si kweli. Alikukuta umeshafundishwa, na aliyekufundisha ndiye anayekuandikia.

Video ya mwaka jana bado ninayo kichwani, ile uliyovaa kofia yenye kengele, unamchekesha mfalme. Uliruka ukazunguka hewani kama mtu aliyesahau kushuka. Zachariah alisema hizo ni hila za kamera. Nikamwambia hiyo ni damu.

Jina linakuja. Lakini silitoi kwa kusikia, hata kwako. Nataka nikuone kwa macho yangu umesimama mbele. Nitumie video ya onyesho lako la kwanza la ukuu, nami nitawaita watu tuangalie pamoja. Na hilo la sukari, Rachelle ana mdomo mrefu.

Babu yako,
Twagirayezu, Rusimbuka


Minneapolis, 28 Oktoba 2024

Babu mpendwa,

Onyesho la kwanza lilikuwa Jumamosi, ukumbi umejaa. Mama alibadilishana shifti na mwenzake akaja na nguo yake ya harusi za watu. Kampuni imeniruhusu nikutumie video, Rachelle anayo tayari.

Hadithi ni ya mwana wa mfalme anayempenda msichana ambaye yeye hawezi kumpata. Mwana wa mfalme ni mimi. Msichana anaitwa Natasha, mzaliwa wa Saint Paul, na amekuwa mchezaji mkuu tangu mimi ni mwanafunzi. Angalia hasa mwishoni, tunapobaki sisi wawili. Sijawahi kufanya jambo gumu kama lile, Babu, na sijawahi kulifanya vizuri hivyo.

Nasubiri. Nimemwambia hata Natasha kwamba nasubiri.

Bonheur


Nakivale, 10 Novemba 2024

Mjukuu wangu,

Yesu asifiwe. Nimekosa pa kuanzia, kwa hiyo naanza na swali lenyewe. Wamekukosea nini huko, au wewe umewakosea nini?

Niliwaita watu kama nilivyosema: Zachariah na mkewe, wazee wa kanisa, vijana wa kwaya. Rachelle akaegemeza simu kwenye mkebe wa majani ya chai, pale kwenye kibanda chake cha kuchajia simu. Ukaingia. Umevaa vizuri, hilo sikatai. Halafu ukatembea. Ukatembea tena. Akaja yule dada, naye ni mchezaji kweli, anasimama kwenye ncha ya kidole kama ndege. Na wewe ukaenda nyuma yake, ukamshika kiuno, ukabaki hapo kama mtu anayemshikia mwenzake ng'ombe wakati wa kukamua. Yeye anazunguka, wewe umeshika. Yeye anainama, wewe umeshika. Katikati uliruka kidogo, nikawaambia watu sasa anaanza, kumbe ulikuwa umemaliza. Wakati wote huo kuna kijana wa nguo nyekundu anaruka jukwaa zima. Zachariah akaniuliza, kwa adabu kabisa, kama huyo mwekundu ndiye wa mbele. Nilisema macho yananiuma, nikaenda nyumbani.

Bonheur, sisi ni wanaume wawili, tusifichane. Kama wamekushusha, niambie wamekushusha. Kama mguu umeumia wakakupa kazi ya kushikashika mpaka upone, niambie pia, nitaomba na wewe. Lakini usiniambie kwamba mtu anapandishwa cheo kwa kunyang'anywa kuruka. Ulipokuwa mchekeshaji wa mfalme, watu walikosa pumzi. Leo umekuwa mwana wa mfalme, nawe ni nguzo ya kuegemewa na mwanamke. Nimefikiri usiku na mchana na sioni huko kupanda kuko wapi.

Jina nilishalitunga, na ni la mrukaji. Nikilitoa leo litakuwa nguo ya mtu mwingine uliyoazimwa. Nimelizuia kwanza. Wewe nakupenda kama siku zote, hilo halihusiani.

Babu yako,
Twagirayezu, Rusimbuka


Minneapolis, 18 Novemba 2024

Babu,

Barua yako niliisomea kwenye gari nje ya jengo la mazoezi. Nilichelewa kuingia, na mimi huwa sichelewi.

Sijashushwa. Mguu ni mzima. Yule wa nguo nyekundu anaitwa Yves, ni mchezaji wa pekee, na nafasi anayocheza ni ya aina niliyokuwa nacheza mimi mwaka jana. Anaruka vizuri. Mimi naruka kumzidi mpaka leo, kama unataka kujua, ila hiyo si kazi yangu tena.

Kazi yangu ni hii. Natasha akisimama kwenye kidole, mwili wake wote unakaa mahali padogo kuliko sarafu. Akielemea upande mmoja kidogo tu, ameanguka. Mimi natakiwa nijue anaelekea wapi kabla hajaelekea, na nimrudishe kwa vidole bila mtu kuona kwamba amerudishwa. Ninapomwinua juu ya kichwa changu natakiwa nitembee naye kama sijabeba chochote, na uso wangu uoneshe mapenzi, usioneshe mzigo. Watu wakiniona nafanya kazi, nimeshindwa. Wewe hukuniona nafanya kazi. Kwa maana hiyo barua yako ni sifa, lakini nilipoisoma haikunifikia kama sifa.

Kuruka walinipa mapema, nikiwa kijana sijui lolote. Kumshika mtu walinikatalia miaka mingi, mpaka waliponiamini.

Kama jina ni la warukaji, mpe Yves. Sitaliomba tena. Nitaendelea kucheza kama mtoto wa Pacifique, yule aliyekuwa anavuka dimbwi.

Desemba tuna maonyesho mengi, sitaandika. Nakutakia Noeli njema kuanzia sasa.

Bonheur


Brooklyn Park, 12 Januari 2025

Kwa Baba mkwe, Mzee Twagirayezu

Baba, Yesu asifiwe. Ni mimi Ernestine, mke wa marehemu mwanao. Bonheur hajui kama naandika. Ninyi wawili mmenuniana kama watoto waliogombania kiti. Yeye akiulizwa anasema ana kazi, wewe ukiulizwa unamwambia Rachelle macho yanauma. Mimi nimechoka, na mimi ndiye ninayeendesha gari kila asubuhi kwenye theluji mpaka Shakopee, kwa hiyo kuchoka ni haki yangu.

Kwanza nikuambie kitu ambacho sijamwambia hata yeye. Mimi pia sikuelewa. Lile onyesho la Oktoba nilikaa pale na nguo yangu nzuri nikijiuliza mtoto wangu ataanza saa ngapi. Nilipiga makofi kwa sababu wengine walipiga. Sikuandikii kama mtu mwerevu, Baba.

Lakini wiki ya Noeli nilichukua ofu nikaenda tena bila kumwambia. Nilipata kiti cha bei ndogo, pembeni kabisa, unapoona jukwaa kwa ubavu. Kutoka pale unaona vitu ambavyo havikukusudiwa kuonwa. Kuna mahali anamwinua Natasha juu, mikono imenyooka, na binti amelala hewani. Nikaona kitu kimekwenda vibaya. Baadaye niliambiwa ni nguo, ilikuwa imelowa jasho ikateleza. Binti akaanza kuja chini, kichwa mbele. Nilisimama kwenye kiti changu, na mwanamke wa nyuma akanivuta nikae. Vraiment, kweli kabisa, Baba, sijui niliyaonaje yale. Bonheur aliingiza bega chini yake, akampokea, akageuka naye kwa mdundo wa muziki na kumsimamisha kwenye kidole, kana kwamba ndivyo walivyopanga. Ukumbi mzima ukapiga makofi. Walidhani ni mtindo mpya. Na wao wawili hawakuacha hapo. Waliendelea mpaka mwisho, na akamwinua tena, kwa bega lilelile.

Nilimngoja pale magari yanapoegeshwa. Alikuja amefungwa barafu begani, hawezi kushika usukani, ikabidi nimrudishe nyumbani mimi. Daktari anasema nyama ya bega imechanika, apumzike mpaka majira ya kuchipua. Njiani nikasema nitamwandikia Babu. Akasema, "Maman, usimwambie Babu kitu. Atasema hata kushika kumenishinda."

Niliendesha sioni barabara, na haikuwa kwa sababu ya theluji.

Baba, sikuombi jina. Mambo hayo ni ya wanaume wa nyumba yenu, mimi niliolewa humo tu. Nakuomba uiangalie tena ile video ya Oktoba. Safari hii usiangalie miguu. Angalia mikono.

Mkazamwana wako,
Ernestine


Nakivale, 2 Februari 2025

Mjukuu wangu,

Mama yako ameniandikia. Usimkasirikie. Mke wa mwanangu ana ruhusa ya kunigombeza, na ameitumia yote.

Niliiangalia tena ile video, mikono peke yake. Nikaona kidogo, nikapoteza, nikaona tena kidogo. Kila nikiitafuta kazi yako inajificha. Nikaona hapa dawa ni moja. Jana niliwaita nyumbani wote waliokuwa kibandani siku ile, nikawaambia, mlimwona Bonheur ameshika, sasa tushike na sisi.

Rachelle akapanda kwenye kigoda akasimama kwa kidole cha mguu mmoja. Nikamshika kiuno kwa vidole, kama wewe. Akaanguka. Nikamshika kwa mikono miwili, akasema namfinya. Akaniuliza, "Babu, mbona ama unaniacha ama unaniponda?" Wakaja vijana wa kwaya, wale wanaobeba magunia ya mahindi bila kuhema, kila mmoja akamshika dada mmoja, na uwanja wangu ukawa kama soko lililovamiwa na nyuki. Zachariah akasema tatizo ni utoto wao. Akamwita mkewe amwinue juu ya kichwa, watu wajionee. Alimfikisha kifuani. Kisha wote wawili wakaingia kwenye maharage yangu. Mkewe bado hajamsemesha, na maharage nitapanda mengine.

Tulicheka mpaka tukakaa chini. Mimi ndiye niliyeacha kucheka wa kwanza. Niliukumbuka uso wako kwenye video, umetulia, unamtazama yule dada kama mikononi hamna kitu. Maisha yangu yote nilikuwa na mwili mmoja wa kuangalia, wangu mwenyewe. Nikikosea, naanguka mimi, watu wanacheka, nanyanyuka. Wewe umepewa wa pili, na si wako. Nilikuwa najivunia kuruka kiasi kwamba walipokupa kazi kubwa zaidi nikaona wamekunyang'anya. Nimeona aibu, Bonheur, nakuambia waziwazi. Na pamoja na hiyo aibu nina fahari ambayo imenijaa hadi usingizi unakataa kuja. Mjukuu wangu anabeba mtu juu ya kichwa chake na anatembea kana kwamba hajabeba kitu. Nimemwambia Zachariah, na safari hii hakusema neno juu ya daktari wa Kampala.

Lile jina la mrukaji nimelitupa. Natunga lingine. Lakini kuna sheria moja ya nyumba yetu sikuwahi kukuambia, kwa kuwa hukuwa umeihitaji. Sifa hutolewa juu ya tendo, na tendo lazima liwe na shahidi aliyelijua. Mimi nilipopewa langu, kilima kizima kilikuwa kinaangalia. Mama yako hafai kuwa shahidi. Mama yeyote angeapa kwamba mwanawe alidaka mwezi. Na watu wa ukumbini hawakuona kitu, wewe mwenyewe ulisema wakiona umeshindwa. Kwa hiyo nitafutie mtu anayejua. Nisipompata nitakuwa nimeweka uongo ndani ya jina lako, na hilo sitalifanya hata kwa mapenzi.

Pumzisha bega.

Babu yako,
Twagirayezu


Brooklyn Park, 2 Machi 2025

Kwa Mzee Twagirayezu

Mimi naitwa Natasha. Sijui Kiswahili. Nasema kwa Kiingereza hapa mezani kwa Mama Ernestine, naye anaandika. Nimemwomba asiongeze kitu na asipunguze.

Bonheur alikuja mazoezini kututazama, akanisimulia habari ya maharage. Nilicheka sana, kisha nikamuuliza mlikuwa mnatafuta nini kwenye hayo maharage, ndipo akaniambia yote. Anasema unataka mtu aliyeona. Hakuna aliyeona. Hata mimi sikuona, nilikuwa natazama dari. Lakini mimi ndiye niliyekuwa juu.

Nimeinuliwa na wanaume wengi katika kazi hii. Ukiwa juu unamjua mtu kwa mikono yake. Unajua kama amelala vizuri, kama ana hasira, kama anakuogopea wewe au anajiogopea mwenyewe. Nguo ikiteleza, wengi hufanya kile ambacho mwili unataka, wanajitoa, kwa sababu mtu anayekujia kichwa mbele anaweza kukuvunja shingo. Siwalaumu. Niliwahi kuangushwa na mtu mwema kabisa, na sikucheza mwaka mzima.

Siku ile niliposikia nguo inakwenda nilijua naanguka. Nilipata hata muda wa kumfikiria binti yangu, aliyekuwa nyumbani na bibi yake. Kisha nikakutana na bega. Hakujitoa, Mzee. Aliingia chini yangu. Kitu kilichanika ndani ya bega lake, nilikisikia kwa mbavu zangu, na mkono wake haukulegea. Akasema polepole sana, "Nimekushika." Kisha nilikuwa nimesimama kwenye kidole na watu wanashangilia.

Baada ya muda mfupi muziki ulifika mahali pa kuniinua tena. Nilimwambia kwa macho, tuache. Akaniinua.

Kwetu, onyesho likiisha, mwanamume hurudi nyuma hatua moja ili watu wampigie makofi mwanamke. Siku ile nilirudi nyuma mimi. Watu walidhani nimesahau.

Sijui sheria za nyumba yenu zinataka niseme vipi. Mimi ni shahidi.

Natasha

Baba, nimeandika kama alivyosema. Pale pa binti yake nilisimamisha kalamu kidogo. Ernestine.


Nakivale, 16 Machi 2025

Kwa mjukuu wangu Bonheur

Barua ya shahidi imefika. Niliisoma kwa sauti mbele ya watu walewale, baada ya ibada. Nilipomaliza Zachariah alikuwa amevua kofia. Mwambie dada Natasha kwamba kwetu shahidi ni ndugu. Siku akifika Nakivale ana mahali pa kulala, yeye na binti yake, na Rachelle atampikia, mimi sitapika.

Jina lako ni Rutarekura, yaani Asiyeachia. Maneno yake nimeyatunga kwa Kinyarwanda, na Rachelle atakutumia. Hapa nakuandikia kwa Kiswahili, uyaelewe kabla ya kuyakariri.

Mimi ni Rutarekura, Asiyeachia,
wa nyumba ya warukaji, niliyekubali kubaki chini.
Bega lilichanika, mkono haukupata habari.
Waliotazama walishangilia wasichokijua;
aliyekijua alikuwa juu, akashuka mzima.
Baba yangu ni Pacifique, babu yangu ni Rusimbuka.
Babu aliiacha ardhi. Mimi nilikuwa ardhi ya mwingine.

Usilisome kwenye karatasi. Jina la sifa halianzi kazi mpaka mwenyewe alitamke, amesimama wima, mbele ya wale anaocheza nao. Bega likipona, siku ya kwanza ya kurudi, kabla pazia halijafunguliwa, simama katikati yao useme kwa sauti yote uliyo nayo. Wasipoelewa maneno, wataelewa unavyoyasema. Na mama yako awepo, hata kama itabidi asimame kule nyuma na watu wa taa, kwa sababu bila yeye ningekufa na jina la mtu mwingine mkononi.

Mimi sitakuwepo. Mwambie Yves, au yeyote mwenye simu nzuri, akurekodi. Nitumie sauti tu. Picha sihitaji tena. Mikono yako naiamini.

Babu yako,
Twagirayezu